Kiazi wa Mama Kokila

Siku Bharti alipomleta yule mbwa nyumbani Kenton, mtaa wetu wa London, bibi yake, Mama Kokila, alifungua mlango, akamtazama mnyama kuanzia masikio hadi mkia, kisha akauliza kwa Kiswahili, maana mambo yanayomshtua huyasema kwa Kiswahili: "Nani amemchuna huyu maskini?"

Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye korido, nimeshavaa sare, naelekea zamu ya mchana. Nilikuwa nimepanga chumba cha juu nyumbani kwake tangu nilipokuja Uingereza kufanya kazi ya uuguzi. Nilipompigia simu mara ya kwanza kuulizia chumba, nikamwambia naitwa Gaudensia, natokea Mwanza, hakutaka kujua zaidi. Yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Mwanza, binti wa Mgujarati mwenye duka la vitambaa. Mumewe alikuwa ameshafariki, watoto wametawanyika, tukabaki wanawake wawili katika nyumba inayonukia binzari na ubani.

Bharti alicheka. Yeye amezaliwa hapa hapa London; Kiswahili cha bibi yake anakisikia chote, ila majibu yake hutoka kwa Kiingereza. Alieleza kwamba mbwa hakuchunwa na mtu. Ndivyo alivyozaliwa. Ni wa aina ya kale mno kutoka Mexico, watu wa kule wamekaa naye zaidi ya miaka elfu tatu. Jina la aina hiyo linaanza na "sholo" halafu linaendelea mpaka pumzi inakuishia. Na yeye Bharti alikuwa amepata kazi ya miezi kadhaa Singapore, hana mtu mwingine wa kumwamini.

"Mbwa, Bharti? Ndani ya nyumba ninayosalia?"

Kabla Bharti hajajibu, mbwa alitembea taratibu, akaenda kukaa juu ya miguu ya Mama Kokila. Alikuwa mwembamba, rangi ya kijivu iliyochanganyika na udongo, ngozi tupu, isipokuwa vinywele vichache vilivyosimama utosini kama vya mzee aliyeamka sasa hivi. Mama Kokila aliinama akamgusa mgongo, akaurudisha mkono haraka.

"Ana homa! Gaude, njoo umpime, ana homa kali!"

Hakuwa na homa. Joto lake ni la mbwa yeyote, ila mbwa wengine wamelificha chini ya manyoya. Bharti alimweleza bibi yake hayo, lakini bibi yake hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa amesimama vilevile, miguu yake yenye baridi yabisi imefunikwa na yule mnyama, na uso wake umelegea kama wa mtu aliyetumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Anafanana na kiazi ambacho hakijamenywa," alisema mwishowe. "Kiazi, ingia ndani, baridi hiyo."

Akawa ameshapewa jina na ameshakaribishwa.

Malezi ya Kiazi yalikuwa na masharti yake, na Bharti aliyasema yote mezani kabla ya kuondoka. Aogeshwe kwa sabuni laini, si kila siku. Apakwe losheni isiyo na manukato, kidogo tu. Jua likiwaka apakwe mafuta ya kuzuia jua, hasa masikioni na mgongoni, kwani huungua kama mtu. Baridi ikija avalishwe sweta. Meno hana yote, mbwa wa aina hiyo huzaliwa na mapengo, kwa hiyo chakula chake kiwe laini. Na ale nyama.

Hapo Mama Kokila aliweka kikombe chini. Jiko lake halijawahi kuona hata yai.

"Atakula dengu," alisema. "Dengu zina nguvu. Mimi nimekula dengu maisha yangu yote na bado napanda ngazi."

"Bibi, yeye ni mbwa," Bharti alisema.

"Mbwa wa nyumba hii."

Mwisho walinitazama mimi. Ikaamuliwa kwamba nyama ya Kiazi itakaa kwenye kibanda cha bustani, ndani ya kijifriji changu cha zamani, atakula huko huko kwenye bakuli lake, na mhudumu nitakuwa mimi. Mama Kokila aliahidi kwamba wakati huo atakuwa anatazama upande mwingine. Kweli kila nilipotoka na lile bakuli alisimama dirishani akiutazama mti wa jirani, pua ameibana kwa ncha ya sari, na kila niliporudi aliniuliza, "Amemaliza yote?"

Upande wa losheni hakutusikiliza. Alikuwa amekuza watoto wanne kwa mafuta ya nazi na hakuona sababu ya kubadilisha dawa. Kila asubuhi baada ya sala alimlaza Kiazi kwenye taulo sebuleni, akamkanda kwa mafuta kuanzia shingo mpaka mkia, akimwimbia kwa Kigujarati, na Kiazi akafumba macho akikoroma. Alimeremeta kama kiatu cha askari. Wiki ya tatu akatoka chunusi. Zilianza shingoni, zikashuka mgongoni, zikaenea mpaka mbwa akafanana na kijana wa miaka kumi na tano anayejificha asipigwe picha.

Daktari wa wanyama, dada mmoja mpole, alimtazama akauliza tunampaka nini. Mama Kokila alitaja kwa fahari. Daktari akasema ngozi ya mbwa huyu inapumua kwa vijitundu, na sisi tumeviziba vyote.

Njiani kwenye basi Mama Kokila alimfunika Kiazi kwa ncha ya sari. Halafu akanong'ona, "Watoto wangu hawakuwahi kutoka chunusi."

"Watoto wako hawakupakwa mwili mzima kila siku mpaka wakateleza kwenye kochi, Mama."

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Tangu siku ile alifuata masharti kama dawa ya hospitali, na ngozi ya Kiazi ikatakata. Badala ya mafuta, mikono yake ikahamia kwenye kufuma. Alifuma sweta la kijani, la zambarau, na moja la manjano lenye kofia ambalo Kiazi alilivaa kwa heshima tu.

Sasa nimseme jirani.

Upande wa kulia alikaa Mzee Balwinder Singh, Singasinga wa Nakuru, fundi wa magari aliyestaafu, mjane kama Mama Kokila. Walikuwa hawasemezani kwa miaka kadhaa, na chanzo kilikuwa waridi. Mama Kokila alipanda waridi la kutambaa kwenye uzio wa mbao unaotenganisha bustani zao. Mzee Balwinder alikuwa na kamba ya nguo upande wake, na pale ndipo alipoanikia vitambaa vya vilemba vyake. Siku moja upepo ukavuma, kilemba cha bluu kikanasa kwenye miiba, kikachanika katikati. Mzee akachukua mkasi akalikata waridi lote. Hapo wakatokeana uzioni. Lugha ya nyumbani ya Mgujarati si ya Mpunjabi. Kihindi chao wote wawili kilikuwa cha kwenye sinema, na Kiingereza walikitumia benki. Kwa hiyo waligombana kwa Kiswahili, tena kile cha zamani chenye matusi ya adabu, wakaitana "mtu asiye na haya" na "mama asiye na jirani." Baada ya hapo, kimya.

Alipomwona Kiazi mara ya kwanza, mzee alivunja kimya hicho kwa sentensi moja. Alichungulia juu ya uzio, akamkuta mbwa kavaa sweta la zambarau, akasema, "Hata nguo za mbwa sasa tutaanika hapa?" Akaingia ndani. Mama Kokila alikaa na hasira hiyo wiki nzima. Ilimfaa, alifuma haraka zaidi.

Theluji ilikuja Desemba, ile theluji ya mwaka 2010 iliyosimamisha hata ndege. Kiazi aliichukia tangu alipoikanyaga. Alitoka mara moja tu asubuhi, akafanya haja zake huku akitulaumu kwa macho, akarudi mbio kwenye redieta, kile chuma cha kupasha chumba joto. Kwa hiyo Jumamosi ile niliporudi kutoka zamu ya usiku, asubuhi imeshakuwa nyeupe, nikamkuta Mama Kokila nje ya mlango wa mbele kavaa sari, koti la marehemu mumewe na mabuti ya bustani, analia, nilijua kuna jambo limempata Kiazi.

"Amepotea, Gaude. Nimemfungulia mlango wa nyuma, simu ikalia, alikuwa Bharti. Nimerudi, hayupo. Nimekuta hili tu."

Mkononi alikuwa na sweta la kijani. Alilikuta chini, kwenye theluji, karibu na uzio.

"Yuko uchi," alisema. "Katika baridi hii, mtoto wangu yuko uchi. Na mbweha wapo."

Mbweha wa London huingia kwenye bustani kama wapangaji, nami niliwaza hilo hilo, lakini sikumwambia. Theluji ilikuwa bado inaanguka, nyayo zote zimefunikwa. Tulitoka barabarani, yeye upande huu, mimi upande ule, tukiita kwa sauti zote: "Kiazi! Kiazi! Kiaaazi!"

Tulipofika kwenye maduka, mlango mmoja ukafunguka. Bwana Alnashir, mwenye duka la vyakula, Mwismaili wa Dodoma aliyetuuzia unga na bamia kila wiki, alitoka na aproni yake, amebeba mfuko mkubwa.

"Mama Kokila, usipige kelele kwenye theluji, utaugua. Viazi vipo. Vimekuja jana."

Mama Kokila alimtazama, akautazama mfuko, kicheko na kilio vikamtoka kwa pamoja. Nilimweleza mimi. Bwana Alnashir hakuuliza mara mbili. Alifunga duka, akabandika karatasi mlangoni, akajiunga nasi. Tukazunguka mtaa mzima, tukachungulia chini ya magari, nyuma ya mapipa ya taka, kwenye kituo cha treni ambapo kuna joto kidogo. Mtoto mmoja alisema ameona mbwa, tukamfuata, akatuonyesha mbwa wa theluji aliyemtengeneza mwenyewe.

Tuliporudi nyumbani miguu yetu haina hisia. Niliingia bustanini kuangalia tena pale sweta lilipokutwa. Chini ya uzio ubao mmoja ulikuwa umeoza, umeacha pengo, na kwenye ncha ya ubao kulikuwa na uzi wa sufu wa kijani umenasa.

"Mama, amepita hapa. Amevuliwa na ubao. Yuko kwa Mzee Balwinder."

"Haiwezekani. Yule angeshaita polisi."

"Twende tukagonge."

"Nenda wewe."

"Mama Kokila," Bwana Alnashir alisema kwa upole, "mbwa ni wako."

Alijifuta uso, akaenda. Alibonyeza kengele ya jirani yake kwa mara ya kwanza tangu waridi likatwe. Hakuna aliyejibu. Akabonyeza tena. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Halafu, kutoka ndani, tukasikia mbwa akibweka mara moja tu, sauti nzito kama ya mtu anayekatizwa usingizi.

Mama Kokila alipiga magoti kwenye theluji, akasukuma kifuniko cha tundu la barua.

"Bwana Singh! Umemwona Kiazi wangu?"

Ikaja sauti ya mzee, hafifu, kutoka chini kabisa: "Yuko hapa. Amelala juu ya kiuno changu. Tafadhali, mama, usimwite."

"Kwa nini unazungumza kama uko kaburini?"

"Niko sakafuni. Tangu alfajiri. Nimetoka kuwapa ndege chakula, nimeteleza, kiuno kimekaza. Nimetambaa mpaka hapa. Siwezi kuinuka, na boila ya kupasha nyumba joto imekufa jana."

"Na hukuita mtu?"

"Simu iko juu ya meza. Ningemwita nani?"

Mama Kokila aliuliza, "Mlango wa nyuma umefungwa?"

"Umerudishwa tu. Mbwa ameusukuma mwenyewe akaingia. Amenitazama, akanizunguka, akaja kulala hapa. Sijawahi kuona mnyama mwenye joto kama hili."

Kijilango cha kupita pembeni mwa nyumba kilikuwa na kufuli lililoganda. Bwana Alnashir alikuwa bado anapima urefu wa uzio, akijiuliza kama mtu wa umri wake anaweza kuruka, Mama Kokila alipopita katikati yetu na chepe la theluji. Aliupiga ule ubao uliooza. Akaupiga wa pili, ambao haukuwa umeoza hata kidogo. Akaupiga na wa tatu. Kisha akakunja sari, akapita.

Tulimkuta mzee kwenye zulia la sebuleni, kalala kifudifudi, kilemba kimelegea, amevuta kitambaa cha sofa kujifunika. Kiazi alikuwa amejikunja pale kwenye mfinyo wa mgongo, kidevu kimelala juu ya mfupa wa nyonga. Alitufungulia jicho moja akalifunga. Chumba kilikuwa na baridi ya kuona pumzi yako.

Nilipiga magoti nikafanya kazi yangu. Miguu ilikuwa inasikia, vidole vinacheza, mfupa haujavunjika kadiri nilivyoweza kujua. Nilipiga simu ya dharura. Wakasema kwa theluji ile gari litachelewa, aendelee kupashwa joto, asivutwe. Mikono yake ilikuwa baridi kama bomba, lakini nilipoingiza kiganja chini ya tumbo la Kiazi, pale kiunoni mzee alikuwa wa moto kama mkate.

"Bharti aliwahi kusema," nilikumbuka, "kule Mexico tangu kale watu wenye maumivu hulala na mbwa hawa."

"Watu wenye akili," mzee aliliambia zulia.

Mama Kokila alileta mablanketi kupitia uzio aliouvunja, akaleta chupa ya chai yenye tangawizi, akakaa sakafuni, akamnywesha kwa kijiko. Mzee alikunywa. Baada ya kijiko cha tatu alisema, "Sukari kidogo."

"Kunywa hivyo hivyo," Mama Kokila alisema. "Unalala chini halafu unachagua." Lakini alimtuma Bwana Alnashir sukari.

Gari la wagonjwa lilifika mchana. Vijana wawili walimpima, wakasema ni misuli, wakampa dawa za maumivu, wakashauri asibaki kwenye nyumba isiyo na joto. Mwanawe yuko Kanada. Mafundi wa boila walisema watafika baada ya siku kadhaa. Vijana wale wakauliza kama kuna ndugu wa karibu.

Mimi na Bwana Alnashir tulitazama viatu vyetu.

"Yupo jirani," Mama Kokila alisema.

Walimbeba wakapita naye pale pale kwenye pengo la uzio, mbwa akiwatangulia kwa kuruka-ruka juu ya theluji, uchi kabisa, bila kulalamika hata kidogo.

Mzee Balwinder alikaa kwenye sofa letu mpaka baada ya Krismasi. Boila ilitengenezwa mapema zaidi, lakini hakuna aliyeitaja. Kila jioni Kiazi alipanda sofani akachukua nafasi yake mgongoni mwa mgonjwa, kisha alfajiri akahamia kwenye miguu ya Mama Kokila, kama muuguzi mwenye wodi mbili. Wazee walibishana tangu chai ya asubuhi: samaki wa Mwanza na maziwa ya Nakuru, nani alikuwa na treni nzuri zaidi, kama ugali ni wa mahindi au wa mtama. Mzee alikula dengu siku nne bila neno. Siku ya tano alinong'ona kwangu, "Binti, kile kibanda cha bustani... bakuli la mbwa hujaa sana?"

"Mzee!"

"Natania," alisema, lakini macho yake hayakutania.

Alipopona alijenga upya uzio kwa mikono yake, akaweka mlango katikati. Mama Kokila alichagua bawaba.

Bharti alirudi majira ya kuchipua. Alipoingia, Kiazi alimrukia, akalia, akamzunguka mpaka akaanguka, na sisi sote tukaona ni mbwa wa nani. Mama Kokila alikunja masweta yote kwenye mfuko, akapanga losheni, akarudia masharti kwa Bharti kama vile ni yeye aliyeyatunga. Hakulia mpaka gari lilipokata kona. Mzee Balwinder alikuwa amesimama uzioni, anajifanya anapaka mlango rangi. Mlango ulikuwa umeshakauka tangu juzi yake.

Nyumba ilipoa. Mama Kokila alianza kukaa na miguu juu ya redieta. Mzee alikuja kunywa chai, wakanyamaza wote wawili, na kimya hiki kilikuwa kibaya kuliko kile cha waridi.

Ni Bharti aliyepiga simu. Mfugaji aliyempa Kiazi alikuwa na watoto wapya wa mbwa. Katika uzao mmoja wa mbwa hawa, alieleza, hutokea mmoja au wawili wakazaliwa na manyoya kamili. Ni damu ile ile, aina ile ile ya kale, ila watu wanaotafuta mbwa asiye na manyoya hawawataki. Mmoja alikuwa amebaki peke yake, mweusi, hana wa kumchukua. Bibi angemtaka?

Mama Kokila alifikiri. Alikuwa ameshazoea ngozi. Lakini Mzee Balwinder aliweka kikombe chini, akanyoosha kilemba chake, ambacho ndani yake kuna nywele zisizowahi kuguswa na mkasi tangu kuzaliwa.

"Wanamkataa kwa sababu ana nywele?"

"Ndivyo anavyosema Bharti."

"Nywele alizopewa na Mungu?"

"Ndizo."

"Mwambie nakuja kumchukua leo. Gaudensia, funguo za gari langu ziko wapi?"

Walikwenda pamoja, wakarudi na kitoto cheusi chenye manyoya laini, kimelala ndani ya koti la mzee. Mchana kinakaa kwa Mama Kokila, jioni kinapita mlango wa uzio kwenda kula nyama kwa Mzee Balwinder, ambaye jiko lake halina masharti. Na kila mwisho wa wiki Bharti humleta Kiazi, na wale ndugu wawili wa damu moja, mmoja uchi na mmoja kavaa, hufukuzana bustanini mpaka majani yanang'oka.

Jina ndilo lililoshindikana. Mzee alitaka jina la Nakuru, Mama Kokila akataka la Mwanza, hakuna aliyekubali kushindwa. Wakati wanabishana, mtoto alikuwa anakua, anatafuna viatu, anakojolea zulia, na kila mmoja alimkemea kwa neno lililokuja haraka mdomoni: "Wewe! Wewe!" Walipokuja kushtuka, mbwa alikuwa ameshalishika. Ukimwita kwa jina jingine hageuki.

Basi anaitwa Wewe. Juzi nilimsikia Mama Kokila akimtambulisha kwa Bwana Alnashir dukani, kwa kujivuna kabisa, "Huyu ni Wewe," na Bwana Alnashir akarudi nyuma hatua moja akijishika kifua: "Mimi?"

"Wewe," Mama Kokila alisema, na mbwa akatikisa mkia.